Kutoka darasani hadi NBA: Nani anagharamia subira?

Usiku wa tarehe 28 Juni mwaka 1995, mjini Toronto, Canada, zamu ya tano katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, iliiangukia klabu ya Minnesota Timberwolves kutoka mji wa Minneapolis. Klabu hiyo ikamtaja Kevin Garnett, kijana mrefu na mwembamba, mwenye umri wa miaka 19, aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo ya sekondari mjini Chicago.

Hakuwa ameketi katika darasa la chuo kikuu hata siku moja. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu klabu za NBA ziteue wachezaji moja kwa moja kutoka shule ya sekondari. Wa mwisho walikuwa Darryl Dawkins na Bill Willoughby mwaka 1975. Siku chache kabla ya uteuzi huo, jarida la Sports Illustrated lilikuwa limeiweka picha ya Garnett kwenye jalada lake, likihoji iwapo kijana huyo alikuwa tayari au la.

Zaidi ya miaka 30 imepita na swali lile halijafungwa. Leo kijana wa Kimarekani haruhusiwi kuteuliwa na klabu ya NBA mpaka awe anatimiza miaka 19 katika mwaka wa uteuzi, na uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari. Kanuni hiyo ilikubaliwa mwaka 2005, na historia yake haiwezi kuelezwa bila kupitia Minneapolis.

Katika mji huo ndiko kijana aliyeufungua mlango alikopata mafanikio. Huko pia ndiko ulikotiwa saini mkataba uliowatia hofu wamiliki wa klabu zote. Na huko huko, jambo linalosimuliwa mara chache, kijana mwingine aliyepita katika mlango uleule alipotea kimya kimya.

Methali mbili za nyumba moja

Minneapolis na pacha wake Saint Paul, miji miwili iliyojengwa kando ya mto Mississippi, si mahali pageni kwa Waafrika Mashariki. Jamii ya Wasomali walioko huko ndiyo kubwa kuliko zote nchini Marekani, na wapo pia Waethiopia na Wakenya wengi. Kutoka mtaa wa Cedar-Riverside, ambao kwa miaka mingi umekuwa kituo cha kwanza cha wakimbizi kutoka Somalia, hadi uwanja wa Target Center ambako Timberwolves wanacheza, ni mwendo wa vituo vichache vya treni ya mjini.

Katika familia za wahamiaji, mjadala juu ya umri wa kuingia katika michezo ya kulipwa hauhitaji maelezo marefu. Mzazi aliyevuka mipaka ili mwanawe asome hatafurahi kusikia kwamba mtoto ana mpango wa kuacha masomo kwa ajili ya mpira. Atasema haraka haraka haina baraka. Mtoto naye, kama Kiswahili chake hakijapotea, anaweza kumjibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Methali zote mbili zina ushahidi wake katika mpira wa kikapu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Lakini mifano iliyopatikana tangu mwaka 1995 inaonyesha kwamba pande zote mbili za mjadala huo huenda zinauliza swali lisilo lenyewe. Umri wa kijana haukuwa ndio ulioamua hatima yake mara nyingi. Kilichoamua ni iwapo klabu iliyomchukua ilikuwa na sababu, na uwezo, wa kumngoja.

Klabu iliyokuwa na muda

Garnett hakuiruka hatua ya chuo kikuu kwa kiburi. Alikulia Mauldin, katika jimbo la South Carolina, akahamia Chicago kwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari katika shule ya Farragut. Uwezo wake uwanjani haukuwa na mjadala: mwaka 1995 gazeti la USA Today lilimtangaza mchezaji bora wa shule za sekondari nchini kote. Tatizo lilikuwa alama za mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Hadi uteuzi ulipowadia hakuwa na uhakika kwamba angeruhusiwa kuchezea chuo chochote.

Hili ni muhimu, kwa sababu wanaosema kijana kama yule angepaswa kwenda chuoni kwanza mara nyingi wanasahau kwamba mlango wa chuo wenyewe ulikuwa umefungwa nusu. Chaguo lake halikuwa kati ya masomo na fedha. Lilikuwa kati ya kazi na kukaa bila mpango.

Timberwolves nao walikuwa katika hali ya pekee. Klabu hiyo ilianza kucheza NBA mwaka 1989 na haikuwa imewahi kufika hatua ya mtoano. Mwaka 1994 nusura iuzwe na kuhamishiwa New Orleans, kabla ya mfanyabiashara wa Minnesota, Glen Taylor, kuinunua kwa dola milioni 88.5. Viongozi wapya wa ufundi, Kevin McHale na Flip Saunders, hawakuwa na kombe la kulitetea wala nyota wa kumkasirisha. Kwa lugha ya biashara, gharama ya kukosea ilikuwa ndogo.

Wakamleta taratibu. Katika nusu ya kwanza ya msimu Garnett aliingia akitokea benchi. Mkongwe Sam Mitchell, aliyekuwa akicheza katika nafasi yake, alimfundisha kazi huku akijua kwamba anamfundisha mtu atakayechukua nafasi hiyo. Katikati ya msimu Saunders alishika ukocha, na kijana akaanza kupangwa tangu mwanzo wa mechi. Alimaliza mwaka wa kwanza akiwa na wastani wa pointi 10.4 na ribaundi 6.3 kwa mechi. Klabu ilishinda mechi 26 na kupoteza 56. 

Mwaka 1997 Timberwolves waliingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 2004 Garnett akatangazwa mchezaji bora wa NBA, akiwa na wastani wa pointi 24.2 na ribaundi 13.9, na klabu ikafika fainali ya kanda ya magharibi kabla ya kutolewa na Los Angeles Lakers. Ubingwa aliupata baadaye, akiwa na Boston Celtics, mwaka 2008.

Dola milioni 126

Kama kisa kingeishia kwenye mafanikio ya uwanjani, huenda kanuni ya umri isingekuwepo. Lakini mwezi Oktoba mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 21, Garnett alitia saini mkataba mpya wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 126. Kabla ya hapo alikuwa amekataa dola milioni 103.5.

Kiasi hicho kilizidi bei ambayo Taylor alilipa kuinunua klabu nzima. Wamiliki wa klabu nyingine walishtuka. Tarehe 1 Julai 1998 wakasimamisha shughuli zote za ligi mpaka yapatikane makubaliano mapya na chama cha wachezaji: ilikuwa kama mgomo, ila safari hii mgomaji alikuwa mwajiri. Mzozo huo ulidumu hadi Januari 1999, na msimu ukapunguzwa kutoka mechi 82 hadi 50 kwa kila klabu. Mkataba wa Garnett haukuwa sababu pekee, lakini ndio uliotajwa mara nyingi kuliko mingine.

Makubaliano ya mwaka 1999 yaliweka kikomo cha juu cha mshahara wa mchezaji mmoja, na yakarefusha muda ambao klabu inaweza kuwa na kijana kwa malipo ya ngazi ya wanaoanza.

Hapa msomaji anapaswa kuielewa hesabu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayofichwa na maneno mazuri kuhusu elimu. Mchezaji mpya hulipwa kwa jedwali maalumu katika miaka yake ya kwanza, hata kama ni bora kuliko wenzake wote. Fedha kubwa huja katika mkataba wa pili, kisha wa tatu. Mwili wa mchezaji nao una saa yake. Anayeingia mapema hufika kwenye mkataba wa pili akiwa kijana zaidi, na huenda akapata nafasi ya mkataba mkubwa mmoja zaidi kabla magoti hayajachoka. Kumchelewesha mwaka mmoja si kumpunguzia mwaka wa mwanzo, ambao mshahara wake ni mdogo. Ni kumpunguzia mwaka wa kilele.

Ndudi Ebi na mechi 19

Mafanikio ya Garnett yaliwafungulia njia wengine. Kobe Bryant na Jermaine O'Neal waliingia mwaka 1996, Tracy McGrady mwaka 1997, LeBron James mwaka 2003. Mwaka 2001 Kwame Brown akawa mwanafunzi wa kwanza wa sekondari kuteuliwa akiwa namba moja. Mwaka 2004 wanafunzi wanane wa sekondari waliteuliwa katika duru ya kwanza peke yake.

Miongoni mwao alikuwamo Ndudi Ebi, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kinigeria na kusoma sekondari mjini Houston, Texas. Timberwolves walimteua mwaka 2003, akiwa wa 26.

Mazingira ya uteuzi wake hayakuwa ya kawaida. Mwaka 2000 NBA ilibaini kwamba klabu hiyo ilikuwa na makubaliano ya siri na mchezaji wake, Joe Smith, ili kukwepa kanuni za mishahara. Adhabu ilikuwa kali: faini ya dola milioni 3.5 na kunyang'anywa haki ya kuteua katika duru ya kwanza kwa miaka kadhaa. Baadaye adhabu ikapunguzwa, na haki ya mwaka 2003 ikarudishwa. Klabu iliyokaa na njaa ya wachezaji wapya kwa muda wote huo iliitumia haki hiyo kwa kijana aliyetoka shuleni, kwa matumaini ya kumpata Garnett wa pili.

Lakini Minneapolis ya mwaka 2003 haikuwa ile ya mwaka 1995. Klabu ilikuwa imewaleta Latrell Sprewell na Sam Cassell, wakongwe wenye majina, na lengo lilikuwa ubingwa mwaka ule ule. Ilishinda mechi 58, nyingi kuliko klabu yoyote ya kanda ya magharibi msimu huo. Katika kikosi cha namna hiyo, kila dakika anayopewa mwanafunzi ni dakika anayonyimwa mtu anayewania kombe. Ebi alicheza mechi 17 katika msimu wake wa kwanza na mechi 2 katika msimu wa pili. Mwaka 2005 klabu ikaachana naye. Sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira iliyofuata aliitumia Ulaya, hasa nchini Italia.

Mji ni uleule, na shati ni lilelile. Wote wawili waliingia kutoka sekondari. Inawezekana Ebi hakuwa na kipaji cha Garnett, na pengine wachezaji kumi tu katika historia ya mchezo huo wamewahi kuwa nacho. Lakini katika mechi 19 hakuna mtu aliyeweza kulijua hilo kwa hakika. Mwaka 1995 klabu iliyokuwa ikishindwa ilikuwa na muda wa kumlea kijana. Mwaka 2003 klabu iliyokuwa ikishinda haikuwa nao.

Kanuni ya mwaka 2005

Visa kama vya Ebi vilimpa hoja kamishna wa NBA wa wakati huo, David Stern. Alitaka kikomo cha umri kiwe miaka 20. Chama cha wachezaji kilipinga, na mwishowe pande mbili zikakubaliana miaka 19, pamoja na sharti la mwaka mmoja baada ya sekondari. Wanafunzi wa mwisho waliteuliwa Juni 2005.

Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa ya malezi: vijana wasome, wakomae, wasiharibikiwe. Si hoja ya kubezwa. Wapo waliodanganywa na mawakala, wakaingia katika uteuzi na kutoka mikono mitupu, bila klabu na bila nafasi ya kuchezea chuo.

Lakini hapakukosekana waliouliza maswali. Jermaine O'Neal, ambaye alitoka sekondari na kuwa nyota, alisema wazi mwaka 2005 kwamba haikuwa rahisi kulitenganisha suala hilo na rangi ya vijana waliolengwa, kwa kuwa karibu wote walikuwa weusi, ilhali katika tenisi na michezo mingine vijana wadogo zaidi walikuwa wakilipwa bila mtu kupiga kelele. Na kama lengo lingekuwa elimu, mwaka mmoja ni kipimo cha ajabu. Mwanafunzi anayejua kwamba ataondoka majira ya kuchipua huchukua masomo ya mihula miwili na kufunga mizigo. Hapati shahada. Wala kanuni haimlazimishi kusoma: Brandon Jennings aliutumia mwaka wake akicheza mjini Roma kwa mshahara, kisha akateuliwa mwaka 2009 akiwa wa 10.

Faida ya kanuni hiyo kwa wamiliki ilikuwa dhahiri zaidi. Kwa mwaka mzima wangemtazama kijana akipambana na wachezaji wenye nguvu kuliko wale wa sekondari, na gharama za chakula, malazi, makocha na madaktari wake zingebebwa na chuo. Kosa kama la Ebi lingegunduliwa kabla ya kulipiwa. Subira ilikuwa bado inahitajika. Kilichobadilika ni mlipaji wake, na kwa sehemu kubwa akawa kijana mwenyewe, kwa kufanya kazi mwaka mmoja bila mshahara.

Vijana wawili wa Minnehaha

Minneapolis ilizalisha pia mfano bora wa jinsi mzigo huo ulivyokuja kuhama tena. Jalen Suggs na Chet Holmgren walisoma pamoja katika shule ya Minnehaha Academy. Mwezi Januari 2020 shule yao ilipopambana na Sierra Canyon ya California, yenye mtoto wa LeBron James, mechi hiyo ya wanafunzi ilichezewa Target Center mbele ya watazamaji zaidi ya 17,000, na Minnehaha wakashinda. Wapo wachezaji wa kulipwa wasiopata umati wa namna hiyo.

Wote wawili walikwenda chuo kikuu cha Gonzaga, katika jimbo la Washington, kila mmoja kwa mwaka mmoja. Suggs alitangulia. Tarehe 3 Aprili 2021, katika nusu fainali ya vyuo dhidi ya UCLA, alitupa mpira akiwa karibu na mstari wa katikati ya uwanja huku muda wa nyongeza ukimalizika, ukagonga ubao na kuingia. Matokeo yakawa 93 kwa 90, na picha ile ikaonyeshwa dunia nzima. Haki za kutangaza mashindano hayo kwenye televisheni zilikuwa zimeuzwa kwa dola bilioni 10.8 kwa kipindi cha miaka 14. Suggs, kwa kanuni za wakati huo, hakuruhusiwa kupokea chochote zaidi ya ufadhili wa masomo na posho zake.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 2021, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliwaruhusu wanamichezo kuingiza fedha kutokana na majina na sura zao. Holmgren alikuwa ndiyo kwanza anaingia Gonzaga. Shule ya sekondari ni moja, chuo ni kimoja, na kanuni ya NBA iliyowapeleka huko ni ileile. Mmoja akatoa mwaka wake bure, wa pili akaruhusiwa kuuuza. Suggs aliteuliwa na Orlando mwaka 2021 akiwa wa tano, na Holmgren na Oklahoma City mwaka 2022 akiwa wa pili.

Kisa cha Holmgren kina funzo jingine kwa wanaohesabu miezi. Kabla hata hajacheza mechi rasmi ya NBA aliumia mguu na kukosa msimu wote wa 2022-23. Angeumia hivyo akiwa chuoni miaka michache nyuma, hasara ingekuwa yake. Alikuwa tayari na mkataba, klabu ikamngoja, na mwaka 2025 akatwaa nayo ubingwa.

Mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kufuatia makubaliano yaliyoidhinishwa mahakamani mwezi Juni. Hapo hoja ya zamani ya kijana kutoka familia maskini, kwamba hawezi kumudu mwaka bila mshahara, imepungua nguvu kwa wale walio bora sana. Kwa baadhi yao sasa chuo kinalipa kuliko mkia wa duru ya pili ya NBA.

Kwa wanawake hali hiyo imeonekana wazi zaidi. Paige Bueckers, mwenyeji wa Hopkins katika viunga vya Minneapolis, alikaa chuo kikuu cha Connecticut kwa miaka mitano, kwa sababu ya majeraha na pia kwa sababu ligi ya wanawake, WNBA, humtaka mchezaji wa Kimarekani awe na umri wa miaka 22 au awe amemaliza masomo. Alipoteuliwa namba moja mwaka 2025, mshahara wa mwanzo wa nafasi yake ulikuwa takriban dola 78,000 kwa mwaka. Alikuwa akiingiza fedha nyingi zaidi ya hizo kwa matangazo ya biashara akiwa bado mwanafunzi.

Thabeet alisoma miaka mitatu

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza: na sisi je? Anaye mfano wa karibu sana, na mfano huo unawasumbua wale wanaoamini kwamba chuo ndiyo kinga.

Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Akatoka Dar es Salaam hadi sekondari mjini Houston, kisha chuo kikuu cha Connecticut, ambako hakukaa mwaka mmoja bali mitatu. Alikuwa na urefu wa mita 2.21 na sifa kubwa ya kuzuia mipira ya wapinzani. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimteua akiwa wa pili, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Timberwolves walikuwa na zamu mbili mfululizo, ya tano na ya sita, nao wakampita Curry mara zote mbili, jambo ambalo mashabiki wa Minneapolis hawapendi kukumbushwa.

Thabeet alifuata ushauri wote wa wazazi. Alikuwa na miaka 22. Lakini Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi yake, kijana aliyekuwa akipanda kwa kasi, na majira yale yale ya joto wakamwongeza Zach Randolph. Mchezaji aliyeanza mchezo akiwa amechelewa, na ambaye alihitaji dakika nyingi ili ajifunze, aliletwa mahali pasipo na dakika. Februari 2010 alipelekwa kwenye ligi ya chini, katika klabu ya Dakota Wizards. Hakuna mchezaji aliyekuwa ameteuliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko kabla. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikafikia kikomo.

Nyumbani wengi walimlaumu kwamba hakujituma. Lawama hiyo ni rahisi mno. Ukimweka Thabeet katika Minnesota ya mwaka 1995, yenye kocha asiye na haraka na mkongwe wa kumshika mkono, huwezi kusema kwa yakini kwamba asingekuwa mchezaji mwingine. Wala huwezi kusema kwamba angekuwa, na pengine hilo ndilo linaloumiza.

Njia ya Kampala

Kizazi kilichofuata kimejaribu kupunguza bahati nasibu hiyo. Luol Deng, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Misri na London, alikaa chuo kikuu cha Duke mwaka mmoja tu kabla ya kuteuliwa mwaka 2004, na msimu wake wa mwisho NBA, wa 2018-19, aliucheza Minneapolis. Mwaka 2019 akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini.

Thon Maker, aliyezaliwa Wau na kukulia Australia, aliingia NBA mwaka 2016 bila kupita chuoni, baada ya ligi kukubali kwamba alikuwa amekwisha kutimiza masharti ya sekondari mwaka mmoja nyuma. Milwaukee walimteua akiwa wa 10, wakampanga mapema, na bado miaka mitano baadaye alikuwa nje ya ligi.

Khaman Maluach alipita kwingine. Familia yake ilitoka Sudan Kusini ikakimbilia Uganda, naye akakulia Kawempe, Kampala. Alianza kucheza mwaka 2019, akachukuliwa na kituo cha mafunzo cha NBA kilichoko Saly, Senegal, na kabla ya kufikisha miaka 18 alikuwa amecheza ligi ya Afrika, BAL, dhidi ya watu wazima. Msimu wake wa mwisho katika ligi hiyo, wa mwaka 2024, aliuchezea City Oilers ya Uganda. Mwaka huo huo akashiriki michezo ya Olimpiki mjini Paris, akaenda Duke, na Juni 2025 akateuliwa akiwa wa 10, haki zake zikienda Phoenix Suns.

Katika safari yake, aliyelipia miaka ya kungoja alikuwa NBA yenyewe pamoja na klabu za Afrika. Lakini nafasi katika kituo cha Saly ni chache mno, na kijana anayebaki Kawempe bila kuonwa hana chuo cha kumlipa wala klabu ya kumngoja.

Minneapolis, wakati huo huo, ilipata nafasi ya kuona mduara wake ukikutana. Garnett alirudi Timberwolves Februari 2015, akiletwa na Flip Saunders yule yule. Msimu uliofuata alivaa jezi moja na Tyus Jones, kijana wa Apple Valley kusini mwa mji, aliyetoka kutwaa ubingwa wa vyuo na Duke katika mwaka wake mmoja wa masomo. Jones alizaliwa Mei 1996, miezi 10 hivi baada ya Garnett kuteuliwa. Saunders alifariki dunia Oktoba 2015, kabla ya msimu kuanza. Aliyeshika nafasi yake ya ukocha alikuwa Sam Mitchell, mkongwe aliyemfundisha kazi Garnett miaka 20 nyuma, na safari hii wanafunzi walikuwa Jones, Karl-Anthony Towns na wenzao, wote wakiwa na umri wa miaka 19 au 20. Klabu ilishinda mechi 29 tu, na hakuna aliyemtaka Garnett acheze kama zamani. Alikuwa pale awalee wengine. Alistaafu Septemba 2016.

Kuhusu kanuni yenyewe, tume iliyoongozwa na waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, Condoleezza Rice, ilipendekeza mwezi Aprili 2018 kwamba wanafunzi wa sekondari waruhusiwe tena kuingia NBA. Kamishna Adam Silver naye, ambaye awali alitaka umri upandishwe hadi 20, aliunga mkono ushushwe hadi 18. Lakini makubaliano mapya kati ya klabu na wachezaji yalipofikiwa mwaka 2023, kikomo cha miaka 19 kiliachwa kama kilivyokuwa.

Makubaliano hayo yanafika hadi msimu wa 2029-30, ingawa kila upande una haki ya kujiondoa mwaka mmoja mapema. Kijana wa kwanza ambaye huenda akaguswa na mabadiliko yoyote, awe Cedar-Riverside au Kawempe, ni yule aliyezaliwa mwaka 2011 au 2012.